Betri ya foklifti inachoka saa nane mchana, na stoo ya chaja inanuka mayai viza

"Fundi salaam. Mimi ni msimamizi wa godauni la majani chai hapa Shimanzi, Mombasa. Tuna foklifti mbili za betri, volti 48, kila betri imeandikwa 600Ah, yaani ampea-saa 600, tulizinunua zikiwa zimetumika. Mwaka jana zilikuwa zinafika jioni bila shida, sasa moja ikifika saa nane mchana inajikokota, hata paleti haiinui vizuri. Vijana wanaichomeka saa ya chakula lakini inasaidia kidogo tu. Maji wanatia kila jioni kabla ya kuchaji, mpaka mdomoni, ya mfereji. Usiku tunazifungia kwenye stoo ya mita 4 kwa 5, mlango wa chuma na kufuli, kwa sababu ya wezi wa waya. Asubuhi ukifungua kuna harufu kama mayai viza lakini inaisha baada ya muda. Plagi nayo inapata moto. Sasa kuna fundi anataka sh 40,000 aifufue kwa dawa, mwingine anasema tuongeze asidi, na kuna kampuni inatuambia tuachane na hizi tununue za lithiamu. Tajiri ananiuliza mimi. Nimwambie nini?"

Salaam ndugu yangu. Swali lako ni la pesa, tajiri anataka kujua atoe ngapi na ampe nani, na huko nitafika. Lakini kuna mstari mmoja umeupitia mbiombio kama jambo dogo, ule wa harufu ya asubuhi, na huo ndio umenifanya nikujibu leo leo badala ya kungoja wikendi. Kwa hivyo tuanze na mlango, betri baadaye.

Watu wengi wanaamini ile harufu ya mayai viza ndiyo gesi ya kulipuka, wakiisikia wanakimbia, wasipoisikia wanawasha sigara. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Gesi inayolipuka ni haidrojeni, haina harufu wala rangi, na inatoka kwenye kila betri ya asidi ya kutia maji inapokaribia kujaa, hata ile mpya nzima kabisa, kwa sababu pale mwishoni stima haina tena kazi kubwa ya kufanya kwenye pleti, yale mabamba ya madini ya risasi ya ndani, inaanza kuyapasua maji yenyewe yawe haidrojeni na oksijeni. Ile unayoisikia wewe ni gesi nyingine, haidrojeni salfaidi, na betri nzima haitakiwi kuitoa. Ukiisikia ujue kuna seli, kile chumba kimoja cha volti 2 ndani ya betri, inapikwa: imepata joto kupita kiasi, au imepiga shoti ndani, au chaja haijui kuacha. Ni sumu, halafu ina ujanja mmoja mbaya, ikizidi inalaza pua, yaani unaacha kuisikia na bado ipo. Kwa hivyo ukiniambia inaisha baada ya muda, mimi siwezi kujua kama hewa imesafika au pua yako imechoka.

Hesabu ya hiyo stoo nimeifanya kwenye karatasi, ifuate pole pole. Betri yako ya volti 48 ina seli 24. Kila ampea moja inayopita saa nzima kwenye seli iliyojaa inatoa haidrojeni karibu lita 0.42. Chaja ya kawaida ya 600Ah ikifika mwisho inasukuma kama ampea 30. Zidisha 30 kwa 24 kwa 0.42, unapata lita 300 hivi kwa saa, betri moja. Mbili ni lita 600. Stoo yako kama mabati yako mita 3 juu ina hewa ya mita za ujazo 60, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inatosha kuwaka, yaani lita 2,400. Masaa manne, kama chumba hakipumui kabisa. Kiwango cha kufanya kazi kwa usalama ni chini ya asilimia 1, na hapo unapita ndani ya saa moja tu. Utasema mlango una upenyo chini, sawa, lakini haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa, inapanda juu inajikusanya chini ya mabati, pale pale mlipofunga taa na swichi yake. Soja anafungua alfajiri anawasha taa. Unaona mahali ninapopaogopa.

Sasa kesho asubuhi mkikuta harufu, fungueni mlango wazi kabisa, msiguse swichi yoyote ya ndani, msichomoe plagi, zimeni chaja kwenye swichi kuu iliyo nje, mkae mbali nusu saa hewa ipite. Halafu ile foklifti inayonuka isirudi kwenye chaja mpaka mtu aipime. Hili halina majadiliano hata kama kuna kontena linangoja.

Wizi wa waya naujua, sikuambii uache wazi. Toa huo mlango wa bati zima weka wa grili, mwizi hapiti na hewa inapita. Juu kabisa chini ya mabati, ukuta wa upande mmoja, toa mawe kadhaa uweke matofali ya matundu, na upande wa pili weka mengine karibu na sakafu, hewa ya bahari itaingia chini itoke juu bila gharama ya stima. Fundi mwashi ni kazi ya siku mbili. Feni kama mtaweka, ikae inapuliza hewa safi kutoka nje kuingia ndani, msifunge feni ya kawaida ya kuvuta pale juu gesi inapopita kwa sababu mota yake inaweza kutoa cheche. Na wakati wa kuchaji inueni kifuniko cha betri, kile chenye kiti, gesi na joto vitoke, lakini vizibo vya seli viacheni vimefungwa. Kuna vijana wanafungua vizibo vyote 24 eti betri ipumue, vizibo vina matundu yake tayari, ukivitoa unarusha ukungu wa asidi kwenye chuma na kwenye mapafu yako.

Haya, tuje kwa betri yenyewe.

Ulivyoandika naona mtu kaiua betri polepole kwa nia njema, na silaha yake ni birika la maji. Sio kazi nyingi iliyoichosha. Ndani ya kila seli kuna pleti za risasi zimezama kwenye maji yenye asidi ya salfa. Betri ikifanya kazi, salfa inatoka kwenye asidi inashika pleti, na yale maji yanakuwa mepesi. Ukichaji, salfa inarudi majini. Asidi haipungui kwa kufanya kazi wala kwa joto, kinachopungua ni maji tu, yale yanayopasuka kuwa gesi. Sasa betri ikichaji maji yake yanavimba na yanajaa mapovu, yanapanda. Kijana akiwa ameshajaza mpaka mdomoni jioni, usiku yanamwagika, na hayo yanayomwagika sio maji matupu, ni maji na asidi yake. Asubuhi juu ya betri kuna unyevu, kijana anapangusa, jioni anajaza tena ya mfereji. Fanya hivyo miezi kumi na miwili. Umeimwaga asidi yote polepole kwenye sanduku la chuma na kuiweka chumvi ya Mombasa mahali pake. Inua kifuniko uangalie kona za sanduku, naweza kuweka dau utakuta kutu inabanduka vipande vipande na unga mweupe kwenye nguzo.

Kwa hivyo maji yanatiwa baada ya kuchaji, betri ikiwa imejaa na imepoa, mpaka chini kidogo ya mdomo pale kampuni ilipoweka alama, au kile kiboya kinapoinuka. Kuna jambo moja tu la kutofautisha: ukifungua kabla ya kuchaji ukakuta pleti ziko wazi, tia kidogo zifunikwe tu, chaji, halafu malizia baadaye.

Na yawe maji ya kudistili au yaliyotolewa madini. Maji yetu huku, ya mfereji na ya kisima, yana chumvi hata chai unaisikia, na kloridi inakula pleti, na maji yakiwa na madini ya chuma betri inaishiwa chaji hata ikiwa imesimama. Watu wananiuliza maji ya kuchemsha, hapana, kuchemsha kunaondoa maji na kuacha madini yote kwenye sufuria. Ya mvua kutoka paa la mabati, hapana, yana zinki. Ya eesii, hapana, yamepita kwenye shaba na vumbi. Na mkienda dukani muwe macho na hilo neno maji ya betri, maana wengine wakisikia hivyo wanakupa asidi, chupa zinafanana. Soma lebo. Kama imeandikwa asidi rudisha.

Ndio maana huyo anayesema muongeze asidi simlaumu sana, akipima anakuta maji mepesi, anaona dawa ni kuongeza ukali. Lakini maji yanaweza kuwa mepesi kwa sababu salfa imeganda kwenye pleti, haijaenda popote. Ukimimina asidi juu ya hapo, kipimo kinapendeza na pleti zinaliwa mara mbili. Asidi kurekebishwa kweli kunafanyika, hasa betri iliyomwagika kama yenu, ila anafanya mtu wa karakana ya betri baada ya kuchaji mpaka mwisho kabisa na kuhakikisha kipimo hakipandi tena, seli kwa seli. Sio chupa kutoka duka la spea.

Chaji ya saa ya chakula. Hii inatoka kwenye simu, mtu anachomeka kidogo kidogo siku nzima. Betri ya foklifti ya asidi ukiipenda iache ifanye kazi shifti yake, ibaki na kama asilimia 20, halafu ichaji mara moja mpaka ijae, masaa kama 8, halafu ipoe masaa kadhaa. Kwa wastani inakupa mizunguko kama 1,500 hivyo, ni kama miaka mitano ya shifti moja, na kila ukichomeka na kuchomoa unaongeza joto na kula sehemu ya hiyo mizunguko bila kufika mwisho wa chaji. Na mwisho ndio wenye faida. Asidi ni nzito, inazama chini ya seli kama sukari kwenye sharubati isiyokorogwa, yale mapovu ya mwisho ndiyo kijiko. Betri isiyofika mwisho inakuwa na asidi kali chini inayokula pleti na maji matupu juu. Lakini nisiwe mkali kupita kiasi: kati ya kuichomeka saa saba na kuiendesha mpaka inajikokota, bora kuichomeka. Ikishuka chini ya asilimia 20 mota inavuta ampea nyingi zaidi kufidia volti iliyoshuka, na hapo kontakta, zile swichi kubwa za stima ndani ya foklifti, nazo zinaanza kuungua, bili ya pili hiyo. Na yule atakayekwambia betri lazima imalizwe kabisa kwa sababu ina kumbukumbu, mwambie hiyo ni habari ya betri nyingine, hii haina.

Mara moja kwa wiki, Jumamosi jioni kwa mfano, chaja yenu kama ina kitufe cha kusawazisha mkibonyeze, inaendelea masaa kadhaa zaidi kwa ampea ndogo, inakoroga asidi na kuzivuta seli zilizobaki nyuma. Joto litapanda siku hiyo, kwa hivyo mlango wa grili uwe umeshawekwa.

Kabla tajiri hajatoa hata shilingi, nunueni haidromita ya bei ndogo, kile kipimo cha mpira na kioo kinachoonyesha uzito wa maji ya betri ukilinganisha na maji matupu, na themomita ya kuzamisha. Chaji foklifti ile nzima usiku kucha (inayonuka ngoja fundi, nitaisema), iache ipoe, halafu pima seli zote 24 moja moja na uandike. Iliyojaa inatakiwa kusoma karibu 1.280, kampuni nyingine 1.290. Angalia tofauti kati ya seli na seli, ndiyo inayosema mengi. Zote zikiwa 1.240 na zinafanana, betri ina njaa ya chaji ndefu au imepoteza asidi, inaweza kusaidika. Ishirini na tatu zikiwa 1.270 na moja ni 1.150, huyo ndiye mgonjwa wako, na karakana nzuri inaweza kubadilisha seli moja badala ya betri nzima. Joto la maji lisizidi digrii 45 wakati wa kuchaji, Mombasa hii unaanza na 32 kabla hata hujawasha, na kila digrii kumi juu ya 25 inakata maisha ya betri karibu nusu.

Jambo jingine litakalokupa jibu bila kipimo: maji mnatia mangapi? Betri kama yenu ikiwa kwenye gesi kwa ampea 30 inapoteza kama robo lita kwa saa, zote 24 pamoja. Ikitumika vizuri mnatia mara moja kwa wiki hivi. Nyinyi mnatia kila siku na bado inapokea, ukiacha yale yanayomwagika bado chaja ninaishuku haikati, inachemsha mpaka asubuhi. Chaja iliyonunuliwa pamoja na foklifti iliyotumika mara nyingi sio ya betri hiyo, soma kibao chake, volti na ampea-saa zilingane.

Kwa ile inayonuka usipime mwenyewe. Ita fundi wa foklifti mwenye mita ya ampea ya kushika waya, aje aangalie seli gani ina moto na chaja inafanya nini masaa mawili ya mwisho. Kama kasha limevimba au seli huwezi kuiwekea mkono kwa joto, betri itolewe nje kabisa. Ikifika hapo kumbuka ni chuma cha karibu tani moja, inatolewa kwa mnyororo na boriti yake ya kunyanyulia, sio kwa foklifti ya pili na kamba ya paleti.

Plagi kupata moto ni mambo mawili. Kwanza mguso umelegea au umeungua. Pili, vijana wanaichomoa chaja ikiwa bado inasukuma, kila mara cheche inachimba kidogo kwenye shaba, mguso unakuwa mweusi, mweusi unaleta moto, moto unalegeza zaidi. Zima chaja kwanza, hesabu mpaka tano, ndio chomoa, na ushike plagi yenyewe usivute waya. Zilizoungua badilisha jozi nzima, kupiga msasa ni kujidanganya wiki mbili.

Vifaa vya vijana nivitaje haraka: miwani ya kufunga pande zote, glavu za mpira, epuroni, spana zilizovishwa mpira, pete na saa zibaki kwenye loka. Hili la spana sikulisoma. Miaka mingi nyuma nikiwa msaidizi, mwenzangu aliilaza spana namba 17 juu ya betri apate mikono miwili, ikagusa nguzo mbili. Hakukuwa na mlio mkubwa, ulikuwa kama mtu kapasua kitambaa, na mwanga, na tulipoangalia spana ilikuwa imeshonwa kwenye risasi inawaka rangi ya chungwa katikati. Alikuwa na pete lakini mkono mwingine. Mpaka leo kuna mahali sioni sawasawa nikikumbuka ule mwanga.

Asidi ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatiza, jicho likiwa limefunguliwa, halafu hospitali hata kama anasema amepona. Msitie soda jichoni wala kwenye ngozi, soda ya kupikia ni ya sakafu na juu ya betri tu. Hapo stoo kuwe na mfereji unaofanya kazi, sio jerikeni. Haya pia ni ya kisheria, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwekea mwajiri jukumu hilo, tajiri akibisha mwambie hivyo kwa heshima.

Sasa wale watatu. Wa dawa ya 40,000: dawa nyingi za kufufua ni chumvi fulani zinazoongeza uzito wa maji, haidromita inapanda, nguvu haipandi, mwezi ujao mko pale pale. Kama salfa bado ni laini, chaji ya kusawazisha mara tatu nne itafanya kazi hiyo hiyo bure. Kama imeshaganda, ni kama mfuko wa simiti uliopata unyevu, huurudishi unga. Huyo mkatae.

Wa lithiamu haongopi kila kitu. Haitiwi maji, haitoi haidrojeni kwenye kuchaji kwa kawaida, saa ya chakula unaichomeka bila dhambi, na kwa mizigo inayoshika harufu kama chai ni safi. Lakini inataka chaja yake, bei yake ni ya juu sana mwanzoni, na ni nyepesi. Betri ya risasi ni sehemu ya uzito unaozuia foklifti isiinuke mkia ikibeba, soma kibao cha foklifti kimeandikwa uzito mdogo kabisa wa betri, lithiamu lazima iongezewe chuma ifike hapo na kampuni ikubali kwa maandishi. Kwa godauni la shifti mbili tatu ningemwambia tajiri afikirie. Kwa shifti moja na foklifti zilizotumika, mimi ningeweka pesa kwenye chaja sahihi, grili, na seli moja au betri mpya ya asidi.

Mkifika kuitoa ya zamani, isiende kwa mtu wa mkokoteni atakayemwaga asidi mtaroni ili auze risasi. Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa, Owino Uhuru iko hapo Mikindani, watu waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri na watoto wakapata risasi kwenye damu, mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Aliyewauzia betri mpya mara nyingi anaichukua ya zamani na kuwapunguzia bei, muulize kabla ya kulipa, na awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira.

Ukishapata zile namba 24 za betri nzima, pamoja na joto na siku uliyopima, niandikie zote kwa mpangilio wa seli, ya kwanza iwe upande wa waya wa chanya. Piga na picha ya kibao cha chaja. Hiyo nyingine niambie tu fundi alisema nini, na kama bado inanuka usinitumie picha yake, usiingie kuipiga.